Kifaa cha kunyonyea moduli za LED: kizuri, ila si kwa kila skrini

Skrini za LED za ndani zinazofunguliwa kwa mbele, kama zile za P2.5 (taa zimeachana milimita 2.5) zilizojaa makanisani na kwenye kumbi za harusi, hazina skrubu usoni. Moduli, yaani kipande kimoja cha skrini, ya sentimita 32 kwa 16 inashikwa na sumaku tu, na kati yake na jirani yake hata ukucha haupiti. Ukichokonoa kwa bisibisi, taa za pembeni zinang'oka. Ndiyo maana kuna kifaa hiki: bamba lenye ukingo wa sponji, feni ndani, mpini na betri ya kuchaji.

Vikombe vya mpira vya mafundi vioo havishiki hapa, kwa sababu hewa inavuja katikati ya taa. Feni inashinda kwa kuwa haiachi kuvuta. Lakini kama skrini yako ni ya COB, ambayo chipu za taa zimebandikwa moja kwa moja kwenye bodi na kufunikwa, hivyo uso ni laini, kikombe cha mpira kinatosha na hela yako ibaki mfukoni. Kwa moduli za nje zenye vizuizi vya mvua na jua usoni, kifaa hakifai kabisa: sponji haikai sawa, na nyingi za hizo hufunguliwa kwa ufunguo wa kuzungusha kufuli.

Kwenye P2.5 kinafanya kazi vizuri, mradi utaratibu ufuatwe. Zima umeme kwenye breka, si kwenye kompyuta. Moduli ikitoka, nyuma yake kuna pawasaplai (kifaa kinachoshusha umeme hadi volti 5) yenye vituo vya volti 230 vilivyo wazi, na mara nyingi mkono unaingia humo bila kuangalia. Vaa mkanda wa kutoa umemetuli mkononi. Weka bamba katikati ya moduli, washa, subiri mlio wa feni ubadilike kuwa mzito, kisha vuta moja kwa moja kuja kwako. Usipindishe, maana kona ndiyo inayogonga taa za jirani.

Ikitoka sentimita tatu hivi, simama. Waya bado zimeshika. Pitisha mkono wa pili chini yake na usiutoe, kwa sababu udhaifu mkubwa wa kifaa hiki ni huo: betri ikikata, mvuto unakatika papo hapo na moduli inaanguka. Juu ya ngazi, funga kifaa chenyewe kwa kamba.

Chomoa waya bapa wa data wa pini 16 kwa kushika kichwa chake, kisha waya wa umeme wa volti 5. Piga picha kwanza. Plasi na hasi zikigeuzwa wakati wa kurudisha, chipu zinaungua mara moja. Pawasaplai ya ampea 40 haina huruma.

Kurudisha ndiko kunakoharibu zaidi. Angalia mshale wa nyuma uelekee kama wa moduli za jirani, data iingie upande wa kuingilia, waya zisikunjwe kati ya moduli na fremu. Kifaa kikiwa bado kinavuta, sogeza moduli ikiwa sambamba na fremu mpaka sumaku zidake, ndipo uzime. Ukiiachia mbali, sumaku zinaipiga kwenye fremu: taa zinapasuka, na kidole kilichobaki katikati kinabanwa.

Washa, onyesha rangi nyeupe tupu. Mstari mweusi kwenye kiungo maana yake pengo ni kubwa. Mstari unaong'aa, zimebanana mno. Uso usipolingana, zungusha sumaku za nyuma zenye uzi wa skrubu, robo mzunguko kwa mara. Moduli moja ikiwa giza, anza na waya wa volti 5. Moduli zikizima kuanzia hiyo hadi mwisho wa mstari, ni waya bapa. Rangi moja ikikosekana, pini haijakaa. Picha ikivurugika kwenye moduli mpya pekee, chipu zake si za aina moja na za zamani. Kuichomeka upya hakutasaidia.

Kabla ya kununua, hakikisha bamba halizidi ukubwa wa moduli yako na betri inaweza kutolewa ili uwe na ya akiba. Ulizia pia sponji ya ziada. Kwa vumbi na joto letu, sponji hukakamaa mapema kuliko feni kuchoka, na ikikakamaa kifaa kinabaki kupiga kelele tu.