Ziara ya NIF kule Livermore, California: nenda kama unaipata nafasi
Jamani kama uko Marekani upande wa California na unapenda sayansi, omba nafasi ukaone National Ignition Facility (NIF) pale Livermore, maabara ya kuunganisha viini vya atomi kwa leza. Ni miale ya leza 192 kwenye jengo la urefu wa kama ghorofa kumi, yote inalenga kijisilinda kimoja cha dhahabu, ndani yake kuna kapsuli ya kama milimita 2 tu yenye deuteriamu na tritiamu (aina mbili za hidrojeni) iliyogandishwa. Mwanga unapiga kuta za ndani, kuta zinatoa eksirei, hizo eksirei ndo zinaibana kapsuli mpaka viini vya atomi vinaungana na kutoa nishati.

Mimi kilichonikamata ni ishu ya plazma, maana wengi wanadhani ukishakuwa na leza kubwa kazi imeisha, kumbe ile dhahabu ikipata moto inageuka plazma, yaani gesi ya moto sana yenye chaji za umeme, na plazma inaanza kuuchezea mwanga wenyewe, mwingine inaurudisha ulikotoka, mwingine inauhamisha toka mwali mmoja kwenda mwingine, sasa kapsuli ikibanwa zaidi upande mmoja shoti yote, yaani jaribio zima la kupiga leza, imeharibika. Wao wakajifunza kuutumia uhamisho huohuo, wanabadilisha rangi ya miale kidogo sana ili kapsuli ibanwe sawasawa kote. Hapo nimewakubali kabisa.

Tarehe 5 Desemba 2022 waliingiza megajuli 2.05 za nishati ya mwanga wa leza, zikatoka 3.15 za muungano wa viini. Ila usitegemee kukuta umeme unazalishwa, leza zenyewe zilikula kama megajuli 300 za umeme wa gridi, hii ni maabara ya utafiti. Na uombe mapema, ni eneo la serikali lenye ulinzi, huingii hivihivi.