Krita, GIMP na Scribus kwa kitabu cha picha: uzoefu wangu kutoka skrini hadi mtambo wa ofseti

Ukichora kwa ajili ya simu na mitandao tu, karibu programu yoyote ya picha itakufaa. Kitabu kina masharti yake. Mimi nachora vitabu vya watoto, na wahusika wangu ni watoto weusi wa pwani, kwa hiyo jambo la kwanza ninaloidai programu ni hili: uso niliouchora usigeuke doa jeusi ukifika kwenye karatasi. Brashi nzuri, vichujio na kasi vinafuata nyuma. Kwa kitabu changu cha mwisho, cha kurasa 32, kuhusu binti anayekwenda na bibi yake kulima mwani huko Jambiani, Unguja, nimetumia GIMP kusafisha michoro ya mkono, Krita kupaka rangi, na Scribus kupanga kurasa. Zote tatu ni za bure. Nazipendekeza, ila si kwa ubure wake peke yake.

Jina ambalo kila mtu analijua ni Photoshop. Iliingia sokoni mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, na uwezo wake haubishaniwi. Lakini tangu 2013 matoleo mapya huyanunui ukamaliza. Unalipia usajili, mwezi baada ya mwezi au mwaka baada ya mwaka. Mchoraji anayelipwa na mchapishaji mara moja kwa kitabu kizima, kisha akakaa muda mrefu akisubiri kazi nyingine, hawezi kuumudu mpango huo. Ndiyo maana wengi hukimbilia nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi. Mimi sizitaki kabisa. Hubeba virusi, na zaidi ya hapo sioni namna ya kudai haki yangu ya mchoraji huku nikiila ya mtengeneza programu. Ipo pia Affinity, programu ya picha ya kampuni ya Serif ya Uingereza, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024 na kufanywa ya bure mwishoni mwa 2025. Hiyo sikuitumia kwa kitabu hiki, basi siizungumzii.

Mistari ya wahusika naichora kwa wino kwenye karatasi, kisha naiskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) na kuifungua kwenye GIMP. Programu hii ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na kwa kazi ya kusafisha sijaona sababu ya kutafuta nyingine. Naanza na Levels, kifaa cha kurekebisha mwanga na giza: navuta alama ya nyeupe mpaka rangi ya karatasi na vivuli vya mikunjo vipotee, kisha navuta ya nyeusi mpaka wino ukolee. Halafu natumia amri ya Color to Alpha, ambayo huondoa weupe wote na kuacha wino peke yake juu ya tabaka tupu, mfano wa karatasi inayopitisha mwanga. Wachoraji wengi hufanya hivi kwa kuchagua eneo jeupe na kulifuta. Tatizo la njia hiyo ni kwamba kingo za mstari hubaki na ukoko mweupe, na ukoko huo utauona vizuri sana utakapopaka rangi ya ngozi chini yake. Color to Alpha huuacha mstari na ulaini wake wote.

Toleo la 3.0 la GIMP lilitoka Machi 2025, na kwangu faida yake kubwa ni kwamba vichujio haviigusi tena picha ya chini. Ukibadilisha mwanga leo, kichujio kinakaa juu ya tabaka lake, na kesho unaweza kukirudia ukakipunguza au ukakiondoa. Zamani ilibidi utunze nakala chungu nzima.

Rangi napaka kwenye Krita. Hii ni programu ya KDE, jamii ya watu wanaotengeneza programu huria kwa pamoja, na unaona mara moja kwamba walioitengeneza wanawafikiria wachoraji: brashi zaidi ya mia zimo tayari, kuna kituliza mkono kinachonyoosha mstari unaotetemeka, na ubonyezo wa kalamu ya tableti unasikika vizuri. Ukiona kwenye Windows kalamu inachora unene uleule hata ukibonyeza kwa nguvu, ingia kwenye mipangilio ya tableti, ubadilishe kutoka WinTab kwenda Windows Ink au kinyume chake, kisha uiwashe upya programu. Mara nyingi tatizo huishia hapo, na nimewaona watu wakitupa lawama kwa tableti isiyo na kosa.

Kuna kitu kimoja cha Krita ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni kitufe cha W. Bibi katika hadithi amejifunga kanga, na kanga ina pindo, mji na jina lake. Huwezi kuweka maua yoyote tu ukasema ni kanga, watoto wa Jambiani watakushangaa. Ukibonyeza W, turubai inajirudia pande zote nne. Unachora korosho moja na papo hapo unaiona imeujaza uwanja mzima. Ukivuka ukingo wa kulia, mstari unaingia kutokea kushoto bila kiungo kuonekana. Nilitengeneza mji na pindo kila kimoja kwenye faili lake, nikavileta kwenye ukurasa, nikavipinda kufuata mikunjo ya kitambaa kwa kifaa cha kugeuza umbo. Jina nililiandika kwa mkono. Kanga ile ile ikaweza kumfuata bibi kutoka ukurasa hadi ukurasa, imelowa, imekauka, imefungwa kichwani, bila kubadilika mchoro.

Sasa rangi zenyewe, maana hapa ndipo vitabu vingi vinapoharibikia. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi inarudisha tu mwanga unaoiangukia, tena kupitia wino wa rangi nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Bahari ya Jambiani saa nne asubuhi ina samawati ya kijani ambayo skrini inaiweza na wino hauiwezi. Krita inakuonyesha ukweli huo mapema. Unachagua profaili ya rangi ya mtambo utakaotumika, yaani faili linaloeleza rangi ambazo mtambo na karatasi yake vinaweza kutoa, unabonyeza Ctrl+Y, na picha inabadilika kukuonyesha itakavyokuwa kwenye karatasi. Ukiongeza Ctrl+Shift+Y, kila sehemu ambayo wino hautaifikia inafunikwa kwa rangi ya onyo. Kwangu bahari karibu yote ilifunikwa. Dawa yake haikuwa kuongeza samawati, maana wino hauna zaidi ya kutoa. Nilipunguza ukali wa rangi zilizoizunguka: mchanga nikaupeleka kwenye joto kidogo, anga nikaipooza, na bahari ikang'aa kwa kulinganishwa na jirani zake.

Profaili usijichagulie. Muulize mchapaji. Kwa karatasi yangu, iliyopakwa (yenye utando laini juu) na isiyong'aa sana, ya gramu 150 kwa mita ya mraba, niliambiwa nitumie FOGRA39, nikaiingiza kwenye Krita. Kwa karatasi isiyopakwa ungepewa nyingine kabisa, kwa sababu inanywa wino zaidi.

Bahari ni rahisi ukilinganisha na nyuso. Rangi ya kahawia iliyokolea haitoki nje ya uwezo wa wino, kwa hiyo onyo la Krita halitakuambia chochote. Hatari iko kwingine. Nukta ya wino ikitua kwenye karatasi hutanuka, na rangi za kati ndizo zinazoathirika zaidi, nazo ndizo hasa rangi za ngozi zetu. Tofauti ndogo kati ya shavu na taya, uliyoiona vizuri kwenye skrini, hufutika. Mzee mmoja fundi wa ofseti, yaani uchapaji wa wino kwa pleti, alipozitazama kurasa za mfano, aliweka kidole kwenye uso wa bibi.

"Mwanangu, hapa nyeusi ni nyingi. Wino ukitua unatanuka. Uso utafunga."

"Tupunguze nini, mzee?"

"Nyeusi. Kahawia uitoe kwenye hizo tatu. Nyeusi iachie mboni na nyusi."

Maneno hayo yamenifaa kuliko mafunzo yote ya video niliyowahi kuangalia. Utaratibu wangu sasa ni huu: nachora kwa RGB (rangi za skrini: nyekundu, kijani na bluu), nikiwa nimewasha onyesho la Ctrl+Y muda wote, kisha natengeneza nakala ya CMYK (zile rangi nne za wino) kwa ajili ya kuchapa. Kwenye nakala hiyo naufungua upande wa chaneli, ambapo kila rangi ya wino iko peke yake, na kuizima nyeusi. Uso ukibaki na umbo lake, pua ikionekana, shavu likitenganika na shingo, basi niko salama. Ukiporomoka, najua nimeutegemeza kwenye nyeusi, na narudi kuurekebisha. Naangalia pia jumla ya wino: wachapaji wengi huomba asilimia za rangi nne zikijumlishwa zisipite 300, la sivyo karatasi inalowa kupita kiasi na haikauki kwa wakati. Mwisho naupandisha kidogo katikati mstari wa Curves, kifaa cha kurekebisha mwanga, kwenye nyuso peke yake, bila kugusa mandhari.

Hata kabla ya kufika huko, namna ya kuchora ina neno. Kivuli cha ngozi nyeusi hakitengenezwi kwa kuongeza nyeusi. Mtoto aliyesimama kwenye jua la bahari ana samawati ya anga juu ya paji, wekundu chini ya taya, na mng'ao karibu mweupe kwenye mfupa wa shavu akiwa amelowa. Ukiviweka hivyo, uso una mahali pa kupumulia hata wino ukitanuka. Vitabu tulivyosomea wengi wetu vilikuwa na nyuso ambazo huwezi kujua mtoto anacheka au analia, na mimi naamini kabisa kwamba mtoto anayejifunza kusoma anastahili kuuona uso unaofanana na wake ukiwa na hisia zake zote.

Kuhusu kompyuta. Kitabu changu ni mraba wa sentimita 20. Kurasa mbili zinazotazamana, pamoja na ziada ya milimita 3 kila ukingo itakayokatwa na kisu, kwa dpi 300 zinakuwa pikseli 4795 kwa 2433. Tabaka moja lililojaa, kwa biti 8 kwa kila chaneli, linakula karibu MB 47 za RAM. Matabaka thelathini yanakaribia GB 1.4, na hapo hujahesabu kumbukumbu ya kurudisha nyuma hatua zako. Ukichora kwa biti 16, zidisha mara mbili. RAM ya GB 8 inatosha ukiwa na nidhamu ya kuunganisha matabaka. GB 16 inakupa amani. Krita hujihifadhia yenyewe kila baada ya muda, na umeme ukikatika inakuuliza kama unataka kurejesha ulichokuwa unafanya. Kwa maisha yetu hilo si jambo dogo.

Maandishi usiyaweke ndani ya picha, hata kama Krita na GIMP zinakuruhusu. Herufi zikishageuka pikseli hupoteza ukali wake, na nyeusi ya RGB ikibadilishwa hugawanyika kwenye wino zote nne. Pleti moja, yaani bamba linalobeba wino wa rangi moja, ikisogea hata kidogo tu, kila neno linaota kivuli chekundu au cha samawati. Scribus inayaacha maandishi yakiwa maandishi, kwa wino mweusi peke yake wa asilimia 100, na inatoa PDF/X-3, aina ya PDF ya uchapaji, ambayo mchapaji anaipokea bila maswali. Inakagua pia faili kabla ya kulitoa na kukuambia picha ipi ina rezolusheni ndogo. Faida nyingine niliiona mhariri aliporudisha masahihisho: nilibadilisha sentensi bila kufungua mchoro hata mmoja. Kumbuka tu kutoweka uso wala neno katikati kabisa ya kurasa mbili, pale kitabu kinapokunjwa, kwa sababu mgongo utavimeza.

Kasoro zipo na ni vizuri uzijue. GIMP haina hali kamili ya CMYK. Inaweza kukuonyesha mfano wa uchapaji na kutoa faili la CMYK, lakini huwezi kufanya kazi ndani yake moja kwa moja. Krita ni dhaifu kwenye maandishi, na kurekebisha picha za kamera sio kazi yake. Scribus ina sura ya kizamani na itakuchosha siku za mwanzo. Vitufe vingi haviko pale unapovitarajia. Anayetaka programu moja ifanye yote hataridhika na mpango huu. Anayetaka kuchora kitabu bila kodi ya kila mwezi, tena akiwa na uwezo wa kuisimamia rangi yake mpaka mwisho, aanze na Krita, ajifunze Ctrl+Y kabla ya kujifunza brashi, kisha aongeze hizo nyingine kazi itakapozidai.

Mafaili yangu ya Krita (.kra) nimeyatunza yote kwa RGB, kila ukurasa na jina lake, kwenye diski mbili zilizoko nyumba tofauti. Kwa toleo la pili mchapishaji anataka karatasi isiyopakwa, yenye kushikika vizuri mkononi kwa watoto. Nitaomba profaili mpya, nitengeneze nakala nyingine za CMYK, nipunguze nyeusi zaidi kuliko mara ya kwanza, na kumwomba mzee wa ofseti anitolee tena kurasa za mfano kabla ya pleti kutengenezwa.