Bunduki ya gundi: miezi 8, vikapu 11 na kioo kimoja kilichoanguka

Chini ya kitanda chetu kulikuwa na ghala. Maboksi yaliyokunjwa, chupa za mdomo mpana nilizokwisha kuziosha, makopo, majarida ya zamani, na mfuko mzima wa vipande vya kitambaa. Mimi ni mtu wa kusema "hili usitupe, litafaa." Siku moja mume wangu alipiga magoti kutafuta kiatu, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji, akatoka na kuniambia: "Mama, ama uvitumie ama nivitupe." Hakuwa anatania. Wiki ile ile nikanunua bunduki ya gundi.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, ni kifaa cha umeme chenye umbo la bastola. Kwa nyuma unaingiza kijiti cha gundi ngumu, unachomeka plagi, unasubiri kama dakika 5, kisha unabana kifyatulio na gundi inatoka mbele ikiwa imeyeyuka. Vijiti vyenyewe ni plastiki, vingi vikiwa vya aina iitwayo EVA, ndiyo maana gundi yake haikauki kwa hewa kama ya chupa. Inapoa tu, na ikishapoa imeshika. Kwa mtu asiye na subira kama mimi, hilo peke yake lilitosha kunifanya niipende.

Yangu ni ile ndogo, ya wati 20, inayotumia vijiti vya unene wa milimita 7. Iko kubwa yake ya vijiti vya milimita 11. Niliichagua ndogo kwa sababu mkono wangu ni mdogo na nilidhani nitabandika vifungo na maua ya kitambaa tu. Nikaishia kutengeneza vikapu, na kwa kazi hiyo ndogo inachosha: kijiti kinaisha haraka, unaingiza kingine, halafu unaisubiri tena ipate moto wa kutosha. Ningekuwa nanunua leo ningechukua kubwa.

Vikapu vyenyewe hutokana na boksi na kamba ya katani. Unalikata boksi kwa kimo unachotaka, unaanza kuizungusha kamba kutoka chini, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka boksi lote limepotea ndani ya kamba. Kwa maneno ni rahisi. Kikapu changu cha kwanza nilichora mstari wa gundi kuzunguka boksi zima, kisha nikaiinua kamba. Nilipofika upande wa tatu gundi ilikuwa imekwisha kupoa na kamba ikawa inateleza juu yake kama juu ya mshumaa. Nikaongeza gundi juu ya gundi, na ukikitazama kikapu kile kwa upande utadhani kimevimba shavu.

Dawa ni kwenda kidogo kidogo. Siku hizi naweka gundi ya urefu wa vidole viwili, nabandika kamba, nahesabu mpaka 10, naendelea. Kwenye kona natia tone kila mzunguko bila kuruka hata mmoja, maana kona ndipo kamba inapopenda kujinasua. Kwenye upande ulionyooka naweza kuruka mzunguko mmoja, gundi ikakaa kwenye wa pili. Nikikata kamba, ule mwisho nauchovya kwenye tone la gundi na kuuviringisha kwa kijiti ili usifumuke. Kitambaa cha ndani nakibandika kwenye ukingo wa juu peke yake. Mara ya kwanza nilikigundisha ndani kote, kikatoka na vipele kila mahali, kwa sababu gundi hii ikipoa haitandazi, inabaki na umbo lake.

Kwenye boksi, kamba, kitambaa na mbao sina malalamiko. Vitu hivyo vina vinyweleo na matundu, gundi inaingia, inakaa. Nimejaribu kuing'oa kamba kwenye kikapu cha 4 ili nibadilishe rangi, na kilichong'oka ni ngozi ya boksi.

Kwenye vitu laini vinavyong'aa, hadithi ni nyingine. Nilizivika kamba chupa tatu za kioo ziwe za maua. Zilipendeza, wageni wakazisifu. Baada ya wiki mbili kamba ya moja ikashuka kama soksi iliyolegea mpira. Nilipoichunguza nikakuta gundi yote imebaki kwenye kamba, chupa ni safi kabisa. Kioo ni baridi na kinanyonya joto la gundi kabla haijapata nafasi ya kushika, halafu hakina pa kushikilia. Jambo hilo ningelijua mapema kama ningekuwa makini, kwa sababu siku zote naiweka bunduki juu ya kipande cha kigae, na matone yaliyodondoka pale nilikuwa nayabandua kwa ukucha bila taabu. Nilifurahia usafi wa kigae, sikufikiria chupa.

Sasa chupa naziosha, nazifuta kwa spiriti kuondoa mafuta ya vidole, kisha nazimwagia maji ya moto kwanza ili ziwe na uvuguvugu, nazikausha ndipo nabandika. Inasaidia. Makopo nayapiga msasa kidogo kabla ya yote. Hata hivyo, mzunguko wa kwanza na wa mwisho wa kamba naufunga fundo la kweli, gundi iwe msaidizi.

Niseme la kioo. Nilikuwa na kioo cha kujitazamia, cha duara, kilichovunjika fremu. Nikaviringisha kurasa za majarida zikawa mirija myembamba, zaidi ya 60, nikazipanga kukizunguka kama miale ya jua. Ilinichukua jioni nne. Miale niliibandika kwenye duara la boksi gumu, kioo nikakibandika katikati kwa gundi ile ile, na nyuma nikagundisha kitanzi cha kamba cha kutundikia. Kilining'inia siku 9. Usiku wa 10 tukasikia kishindo sebuleni. Mume wangu alikwenda na fagio mkononi akidhani ni mwizi.

Nilijilaumu kwanza kwamba niliweka gundi kidogo. Si hivyo. Gundi ilikuwa tele, na haikukatika. Ilikuwa imenyooka, ndefu na nyembamba, kama ubani uliotafunwa. Hii ni plastiki inayolainishwa na joto, kwa hiyo ukiitwika uzito usiku na mchana inaanza kulegea polepole, na ukuta ule hupigwa na jua la alasiri. Huna haja ya kuifikisha kwenye joto la kuyeyuka ndipo ishindwe, inaanza kupoteza nguvu mapema zaidi. Tangu siku ile kanuni yangu ni kwamba hii ni gundi ya kushika, si ya kubeba. Chochote kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtu kinahitaji msumari, waya au skrubu.

Kwa sababu hiyo hiyo siitumii kwenye kitu chochote cha kuwekea mshumaa. Nimeona picha nyingi za chupa zilizovikwa kamba na mshumaa ukiwaka ndani. Ni nzuri machoni. Lakini kioo kikipata moto gundi inaachia, na kinachoachiwa ni kamba kavu karibu na mwali. Nikitaka mwanga natia taa ndogo za betri.

Tukija kwenye kifaa chenyewe, kiguu chake ni aibu. Ni kipande cha waya mwembamba kinachokunjwa mbele, na uzito wote wa bunduki uko nyuma, basi ukigusa tu waya wa umeme inaanguka kifudifudi. Kuilaza ubavu hakufai pia, kwa sababu gundi iliyoyeyuka inaweza kurudi nyuma ndani. Mimi naisimamisha ndani ya kopo zito lililotiwa kokoto chini, mdomo ukielekea chini juu ya kipande cha kigae. Waya wa umeme ni mfupi, na hakuna swichi. Ukichomeka imewaka, na ukisahau inaendelea kuwaka. Niliisahau mara moja nikipokea simu ya dada yangu, ambaye hajui simu fupi. Niliporudi gundi ilikuwa imegeuka rangi ya chai na imetona ziwa zima. Haikuharibika, ila kwa siku mbili ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua. Kama unaweza kupata yenye swichi na taa ya kuonyesha imewaka, usiangalie nyingine.

Na usilivute nje pande la kijiti lililobaki. Nililivuta mara moja nikitaka kubadilisha gundi ya wazi kwa yenye rangi, likatoka na mkia wa gundi iliyoyeyuka ulioganda ndani ya mrija wa nyuma, kijiti kipya kikakataa kuingia. Liache humo, jipya litalisukuma.

Kuungua utaungua. Bunduki za joto la juu hufika karibu nyuzi 190 za Selsiasi, za joto la chini kama 120, na kwa ngozi yako tofauti hiyo si kubwa unavyodhani. Ubaya wake ni kwamba gundi inanata pale pale inapokuunguza, haidondoki kama maji ya moto. Mara ya kwanza niliivuta kwa pupa ikatoka na ngozi ya ncha ya kidole. Ukiunguzwa, usiivute. Peleka mkono kwenye maji baridi yanayotiririka, mpaka dakika 20, gundi igande huko huko. Sikuhizi nina bakuli la maji baridi pembeni muda wote, si mbadala wa bomba, ila ni la kuwahi kutia kidole. Kamba siikandamizi kwa kidole tena, natumia mpini wa kijiko cha mbao. Binti yangu wa miaka 9 huniviringishia mirija ya karatasi na kupanga vifungo, bunduki haigusi, na tumekwisha kugombana juu ya hilo vya kutosha.

Zile nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazobaki kila mahali zilinikera mwezi mzima. Nilikuwa nazichomoa moja moja. Kisha nikajifunza kuuzungusha mdomo wa bunduki kidogo kabla ya kuuinua, nyuzi zikapungua nusu. Zilizobaki nazipulizia mashine ya kukaushia nywele, zinajikunja na kupotea. Upulize kwa kupita tu, usije ukalegeza na ulichobandika. Na gundi ikikosea njia ikaangukia kioo au plastiki ngumu, itie spiriti ukingoni, subiri kidogo, itabanduka nzima.

Kuna kazi ambazo bunduki hii haina lake. Kubandika karatasi za rangi kwenye kopo, kwa mfano. Nilijaribu, kopo likawa na mabonde na milima. Hapo tumia gundi nyeupe ya mbao, izimue kwa maji kidogo, paka kwa brashi, laza karatasi, paka tena juu. Itakauka kwa saa kadhaa, lakini itatulia. Hata ile povu nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni ndani ya boksi, bunduki ya moto mkali inaitoboa. Nilitaka kuifanya herufi za ukutani, nikapata jibini lenye mashimo.

Kwa mtu mwenye maboksi, kamba na vipande vya kitambaa, ningesema inunue bila kusita. Anayewaza fremu nzito na rafu, atafute kitu kingine. Mimi naipa nyota 4. Ile ya 5 imechukuliwa na kiguu cha waya.

Kioo cha jua nimekitundika tena. Kile cha duara kilipasuka, nikakikatia kingine, na safari hii kimeshikwa na vibanio vinne vya chuma kwenye ubao mwembamba, waya nyuma, msumari ukutani. Miale ni ile ile ya mwanzo, haikung'oka hata mmoja katika ajali, na gundi yake ni hii hii.

Chini ya kitanda nako kumesafishwa. Sasa kuna vikapu vitatu vya katani vilivyopangwa vizuri. Ndani yake kuna chupa, makopo na maboksi yaliyokunjwa, lakini mume wangu bado hajafungua kifuniko.