Union Center for the Arts, Little Tokyo: kanisa lililopona kwa kupewa kazi

Nyota 4 kati ya 5.

Jengo liko 120 Judge John Aiso Street, katika Little Tokyo, mtaa wa Wajapani jijini Los Angeles, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Little Tokyo/Arts District. Pitia First Street, upande wa kaskazini, na utazame chini: majina ya maduka yaliyowahi kuwepo yameandikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mlango kwa mlango.

Lilijengwa mwaka 1923 kwa ajili ya Union Church, ushirika wa Wajapani wa Marekani uliotokana na makanisa matatu yaliyoungana mwaka 1918. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, familia za Wajapani wa Marekani zilikusanywa hapa na mizigo waliyoweza kubeba, zikapakiwa mabasi kwenda kambi ambako serikali iliwazuilia. Wakati wa vita, Wamarekani Weusi waliohamia mtaani walilitumia kama kituo cha jamii, Pilgrim House. Waumini walihamia jengo jipya mwaka 1976. Baadaye Little Tokyo Service Center, shirika la huduma za jamii la mtaa huo, ililikarabati, likafunguliwa tena mwaka 1998.

Ukumbi wa ibada sasa ni David Henry Hwang Theater, makao ya kundi la maigizo la East West Players. Una viti 240, kwa hiyo hata aliye nyuma kabisa anaona nyuso za waigizaji. Anayetarajia madhabahu na mabenchi hatayakuta, na ndiyo nyota ninayoipunguza.

Lakini angalieni gharama ya kuokoa jengo kama hili. Kuta za matofali zisizo na nondo ni hatari kwenye tetemeko: ukuta hujitenga na sakafu, maboriti huchomoka, sakafu hushuka, ukingo wa juu wa ukuta ndio huanguka kwanza. Tangu mwaka 1981 sheria ya Los Angeles inawataka wenye majengo hayo wayaimarishe au wayabomoe. Kuimarisha ni kufunga kuta kwenye maboriti kwa boliti na bamba za chuma, kisha kuongeza fremu za chuma au kuta za zege ndani. Viungo vya matofali ya zamani vijazwe chokaa. Saruji ni ngumu mno, hunasa unyevu na tofali hubanduka uso. Ushirika mdogo hauna fedha hizo, na kiwanja cha katikati ya jiji kina wanunuzi. Hapo ndipo makanisa hupotea.

Kuingia kwenye orodha ya urithi hakutoshi. Wintersburg, kule Huntington Beach, ilikuwa na kanisa la misheni la Wajapani la mwaka 1910 na nyumba ya mchungaji. Mwaka 2014 iliwekwa kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo yaliyo hatarini zaidi, lakini majengo yakabaki matupu nyuma ya uzio. Februari 25, 2022, yote mawili yaliungua. Union Center ina wapangaji, taa zinawaka usiku, paa likivuja kuna mtu wa kuona.

Nunua tiketi ya onyesho, maana ndiyo njia ya uhakika ya kuingia ndani ya ukumbi. Wenye gari wana jengo la maegesho mtaa huohuo.