Sili ya oili kwa pikipiki kuukuu: igeuze kwanza, ndipo utoe hela

Mwezi wa nne nilinunua seti ya sili na gaskiti kwa ajili ya Honda CG125 niliyoachiwa na baba. Sili ni pete ya mpira inayozuia oili isivuje pale shafti, yaani chuma kinachozunguka, inapotokea nje ya injini; gaskiti ni karatasi ya kuziba kati ya injini na kava zake. Shilingi 8,000, boksi zuri, na muuzaji akaniambia, "Dada, hiyo orijino kabisa." Fundi akafunga Jumamosi. Kufikia Jumatano doa jeusi lilikuwa limerudi kibarazani, mahali pale pale, chini ya sproketi ndogo, ile gia ya mbele inayovuta mnyororo. Tulipoing'oa sili nikaigeuza upande wa ndani, nikaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia nikitazame: springi.

Wengi tukifika dukani tunasoma namba tu. Namba ni lazima, sikatai. Ukiona 20×34×7, maana yake tundu ni milimita 20, duara la nje 34, unene 7, na ukikosea hata milimita moja umepoteza hela. Lakini sili mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Ndani ya sili kuna mdomo wa mpira unaoishika shafti, na mdomo huo umezungushiwa springi nyembamba kama uzi. Springi ndiyo inayoubana mdomo kwenye shafti mpira unapoanza kulegea kwa joto la injini. Ile yangu ilichomoka kwa kucha, tena ilikuwa na kutu.

Siku hizi naifungua sili mbele ya muuzaji. Napitisha kucha kwenye springi kuizunguka yote. Isicheze, isiwe na pengo pale ncha zinapokutana. Kisha naubonyeza mdomo na kuuachia. Ukirudi upesi, mpira bado mzima. Ukibaki na mkunjo, au ukiwa mgumu kama soli ya kiatu, umekaa rafuni miaka. Muuzaji akinikatalia kufungua mfuko, naondoka.

Ila usinunue chochote kabla hujajua panapovuja. Upepo wa safari huirudisha oili nyuma, kwa hiyo gaskiti ya kava la juu inaweza kuvuja na lawama ikaangukia sili ya sproketi. Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke kabisa, ipake poda ya mtoto, kisha endesha kilomita 5. Mstari wa kwanza wa unyevu utaonekana kwenye poda. Anza kutazama sehemu ya juu kabisa iliyolowa, maana oili hushuka. Halafu chomoa mpira wa kupumulia injini, upulize kwa mdomo. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na mpira ukiziba, presha ya ndani huisukuma oili nje kupitia sili yoyote, hata iliyofungwa jana.

Sasa chaguo langu. La kwanza ni NOK, na silifichi hilo. Ni sili za Kijapani, jina na vipimo vimegongwa kwenye mpira wenyewe kwa herufi safi, na springi yake inakaa. Ya sproketi nilipata kwa 9,000, peke yake, yaani zaidi ya ile seti nzima. Nilifunga mwezi wa sita na mpaka leo pamekauka.

La pili ni mfuko wa Honda wenyewe. Ukiufungua mara nyingi utakuta sili iliyogongwa NOK au Arai, kwa hiyo unalipia zaidi kitu kile kile. Kwa gaskiti ya kava la klachi, hata hivyo, ningelipa bila kubishana, kwa sababu matundu yake yanakaa sawasawa na boliti.

Sili za mpira wa Viton zinavumilia joto kuliko mpira wa kawaida. Ni nzuri, ila kwa shafti ya gia au ya kiki sioni haja. Wala usizinunue kwa rangi. Sili ya kahawia si lazima iwe Viton.

Seti zisizo na jina: hapana. Karatasi ya gaskiti ya kukata mwenyewe inafaa kwa kava lisilo na presha. Gundi ya silikoni ni ya kukufikisha nyumbani tu. Inayofinyikia ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la waya.

Kinachonichoma ni hiki. Namba ya sili imeandikwa, chombo cha kupimia kipo mezani, na bado muuzaji anakupa "inayokaribiana" huku akijua boda anayeinunua analisha watoto kwa pikipiki hiyo. Pale nilipouziwa ile seti nilirudi nayo mkononi. Nikaambiwa kitu cha umeme na mpira havirudishwi. Duka la tatu kutoka hapo lilitaka 15,000 kwa sili ile ile niliyokuja kuipata kwa 9,000. Piga picha namba ya sili yako ya zamani, uliza maduka matatu, na dai risiti.

Kabla ya kufunga mpya, pitisha kucha kwenye shafti. Ikinasa kwenye mfereji uliochimbwa na mdomo wa sili ya zamani, mwambie fundi aipandishe au aishushe hiyo mpya milimita moja, ikae penye chuma kisichochimbika. Meno ya shafti yafungwe nailoni ili yasiukate mdomo, na mdomo upakwe oili. Pia nunua washa ya nati ya kumwagia oili, ya milimita 12 kwa CG. Ni kitu cha bei ndogo, na fundi wengi huirudishia ile iliyokwisha bapa.