Uzoefu wangu: Vitz na washa za reki, ili ikate kona kali zaidi

Kazi niliyofanyiwa ni hii: washa (pete bapa) mbili za chuma, kila moja ina unene wa milimita 4, zimefungwa kwenye reki ya stelingi ya Vitz yangu, yaani ile fito yenye meno inayosogea kulia na kushoto ukizungusha usukani, moja kulia na moja kushoto. Duara la kugeuzia nililipima kwenye kiwanja cha mchanga kabla na baada ya kazi, kwa alama za tairi la nje. Lilikuwa mita 8 na sentimita 90, sasa ni mita 8 na sentimita 45 hivi. Kwa mtu anayeishi kando ya barabara pana, tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwetu Mwananyamala, Dar es Salaam, kwenye uchochoro unaoishia ukutani, ina maana kubwa. Mama hawezi kutembea, anatumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo lazima gari lifike mlangoni. Zamani kila kugeuza ilikuwa mbele, nyuma, mbele, nyuma, na kila mtikisiko unampata yeye kiunoni. Siku hizi napiga rivasi mara moja tu, tumetoka.

Gari ni KSP90 ya lita moja, stelingi ya umeme, tairi 165/70 rimu 14. Ukikata usukani mpaka mwisho, kinachouzuia ni reki endi, kiungo kinachofungwa kwenye ncha ya reki kuelekea gurudumu: kichwa chake kinagonga kwenye mwili wa reki. Washa ikikaa kati ya reki na reki endi, kichwa kile kinachelewa kugonga kwa unene wa washa, na gurudumu linapata nyuzi (digrii) kama 2 za ziada za kupinda. Vitz hii ina mita 2.46 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na kwa urefu huo nyuzi 2 ndizo zinazokupa zile sentimita arobaini na kitu. Kwa hiyo fundi akikuahidi kupunguza mita nzima kwa washa, muulize hizo nyuzi nyingine atazitoa wapi.

Gereji ya kwanza niliyoingia walikuwa na wazo lingine. Walitaka kuupasha moto ule mkono wa chuma wa gurudumu unaoshika tairodi endi (ncha ya nje ya fito inayotoka kwenye reki), waupinde, uwe mfupi. Ni kweli mkono mfupi unaongeza pembe. Lakini chuma cha stelingi kikishapashwa moto na kupindwa mtaani, hakuna anayejua kimebaki na nguvu kiasi gani, na kikikatika ukiwa Bagamoyo Road huna usukani. Isitoshe, mkono mfupi unafanya stelingi iwe kali hata ukiwa kwenye mwendo. Niliaga nikaondoka.

Fundi aliyeifanya kazi alianza kwa kunionyesha reki chakavu ya gari kama langu aliyokuwa nayo gerejini. Akaivuta mpaka mwisho, akanionyesha kwa kidole meno yaliyobaki mbele ya pinioni, ile gia ndogo ya usukani inayoisukuma reki. "Dada, milimita 4 meno bado yapo, na skrubu ya reki endi bado inashika vya kutosha. Ukiniambia 6, sifungi." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nimwamini. Washa zenyewe zilikerezwa kwa mashine, bapa pande zote mbili, tundu likikaa sawasawa kwenye skrubu ya reki endi. Washa ya kufungia, ile inayokunjwa ili reki endi isilegee, tulinunua mpya. Hiyo usikubali irudishwe ya zamani.

Baada ya kufunga ndipo ukaguzi wenyewe ulipoanza, na hapo ndipo mafundi wengi hukatisha. Alipaka chaki bega la ndani la kila tairi la mbele, akakata usukani mpaka mwisho, akalipandisha gari taratibu kwenye ukingo wa sakafu ili shokapu zibonyee. Upande wa kushoto chaki iliacha mstari mwembamba kwenye plastiki ya ndani ya madigadi. Akaisogeza plastiki, akaifunga upya, akarudia mpaka ikatoka safi. Kisha akanyanyua gari kwa jeki na kukagua mpira wa breki: gurudumu likining'inia na usukani ukiwa mwisho, mpira ule haupaswi kukaza hata kidogo.

Mwisho ni sivijointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu huku likipinda. Gari linalovutwa kwa magurudumu ya mbele, injini inazungusha magurudumu yale yale yanayopinda, na sivijointi ina pembe yake ya mwisho. Teksi za London zinatakiwa kwa kanuni ziweze kugeuka kwa mkupuo mmoja kati ya kuta mbili zilizoachana mita 8.535, na moja ya sababu zinaweza ni kwamba nyingi huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, mbele hakuna sivijointi ya kuzuia pembe. Vitz haina nafasi hiyo. Tulizunguka duara kamili polepole, kulia kisha kushoto, madirisha wazi, tukisikiliza. Kama kungekuwa na ule mlio wa ka-ka-ka wa sivijointi iliyozidiwa, washa zingetoka siku ileile.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, usiiahirishe hata siku moja. Washa zinasukuma tairodi nje kwa milimita 4 kila upande, na kwa kuwa reki ya Vitz iko nyuma ya ekseli, magurudumu yanapinda kwa mbele kuelekeana. Ukitembea hivyo, tairi zinalika ukingo wa nje upesi sana. Fundi alizungusha tairodi endi kwa ndani kufidia, halafu tukaenda moja kwa moja kwenye mashine.

Barabarani hakuna kilichobadilika. Usukani ni mwepesi kama zamani na gari linanyooka vizuri. Badiliko ninalolihisi liko mwishoni kabisa mwa usukani: haurudi wenyewe haraka kama mwanzo, lazima uusaidie kidogo kwa mkono. Pia nimejizoeza kutoubana pale mwisho huku gari limesimama, maana mota ya stelingi ya umeme inapata joto bure.

Kwa washa, reki endi mpya zote mbili (zangu zilikuwa zimeanza kulegea), ufundi na alaimenti, ilinigharimu kama laki moja na sabini, na sijutii hata shilingi. Lakini mwenye rimu kubwa na tairi pana, anza kwa kurudisha saizi ya kiwandani. Toyota wenyewe, matoleo ya Vitz yenye rimu kubwa huwa na duara kubwa kuliko haya ya rimu 14, kwa sababu tairi pana linahitaji nafasi. Kuongeza washa juu ya tairi linalokwaruza ni kulitafutia gari ajali. Na kama buti (mipira ya kufunika) za sivijointi zimepasuka au boljointi inacheza, tengeneza hizo kwanza, kisha upime duara lako upya kabla ya kumwita fundi.