Mazabodi ipi ununue Unguja na Pemba: ya kutulia au ya kuovakloki?

Nahariri video za harusi, nakaa Mlandege, na kuna mwaka mzima kompyuta yangu ilikuwa ikizimika yenyewe kazi ikiwa katikati. Kuzimika ningekuvumilia. Kilichoniudhi ni kutojua wa kumlaumu: prosesa nilikuwa nimeipandisha kasi kupita ile ya kiwandani, yaani nimeiovakloki, na umeme wa mtaani nao unapanda na kushuka. Washukiwa wawili, ushahidi sina. Siku niliyoirudisha prosesa kwenye kasi yake ya asili, akabaki mshukiwa mmoja. Nikanunua UPS, ile betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, nikalala.

Kwa hiyo orodha yangu inaanzia hapo. Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa baharini: Unguja kupitia Fumba, Pemba kutoka Tanga tangu 2010. Wenye umri wangu wanakumbuka giza la Unguja la mwezi mzima la 2008, na lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi afadhali, lakini mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa na ramu, lazima ijue kuishi na kuzimwa ghafla.

Namba moja ni B550 au B650 ya bei ya kati, kwa prosesa za AMD (majina haya ni ya chipseti, chipu kuu ya bodi, na ndiyo yanayoitambulisha bodi dukani). B550 inatumia ramu za DDR4, ambazo hata mtumba wake unapatikana. B650 inataka DDR5, lakini soketi yake ya AM5, yaani kikao cha prosesa, ni mpya zaidi, utaweza kubadilisha prosesa baadaye bila kubadilisha bodi. Zote mbili zinaruhusu kuovakloki ukitaka, ila mimi sizipendei hilo. Nazipendea VRM, ile sehemu inayopokea umeme na kuupunguza kwa kipimo cha prosesa. Itazame kando ya soketi: iwe imefunikwa na vyuma vizito vya kupozea joto. Vipimo vingi vya joto unavyosoma vimefanywa katika chumba cha nyuzi 21 hivi. Chumba chako mwezi wa Februari, kaskazi imelala na feni inazungusha joto, kina nyuzi 32. Ongeza kumi juu ya kila namba uliyosoma, ndiyo utajua bodi itakavyokuwa kwako.

Kitu cha pili cha kutafuta ni kitufe cha nyuma cha kusasishia baiosi, ile programu ya ndani ya bodi inayoiamsha kompyuta, kwa flashi. Watu hukipuuza. Umeme ukikatika baiosi ikiwa inaandikwa, bodi isiyo na kitufe hicho inaweza kuwa sahani tu, haiwaki tena, ukampelekea fundi mwenye mashine ya kuandika chipu. Yenye kitufe unaifufua mwenyewe. Kwetu, hicho ndicho kifaa cha utulivu kuliko hizo taa za rangi saba.

Namba mbili ni B760 ya Intel. Prosesa huwezi kuiovakloki, ramu unaweza kuiwasha kasi yake iliyotangazwa, basi. Kwa mhariri, mhasibu au mwanafunzi wa chuo inatosha na kusaza.

Namba tatu ni za bei ya chini, H610 ya Intel, na A520 na A620 za AMD. Kwa ofisi, skuli na duka la kuchapishia sina neno nazo, mradi prosesa iwe ndogo. Ukiweka prosesa kubwa juu ya VRM isiyo na chuma hata kimoja, rahisi huvunja upishi.

Namba nne, na hapa vijana wananuna, ni Z790 ya Intel na X670 ya AMD. Kwa Intel, Z ndiyo inayofungua kuovakloki, tena kwa prosesa zenye herufi K tu. Unalipa bodi, unalipa prosesa, unalipa kipozeo kikubwa, faida unayopata ni ndogo kwa sababu prosesa za sasa zinajipandisha zenyewe hadi karibu na ukomo wake. Volti ikipanda kidogo, joto hupanda kwa kishindo. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kwa volti iliyozidi, na dawa ikaja kama baiosi mpya. Ukinunua bodi kwa ajili ya prosesa hizo, ya bei yoyote, isasishwe baiosi kabla hujaanza kazi. Kama una kiyoyozi, UPS na subira ya kujaribu usiku kucha, nunua Z ufurahie. Ila kiyoyozi ukikizima usifungue madirisha papo hapo. Unyevu wa pwani hugeuka maji juu ya chuma baridi, na humo mna chumvi.

Mwisho kabisa naweka bodi za Kichina za X99 zenye prosesa za seva. Nyingi zimejengwa kwa chipu zilizong'olewa kwenye bodi nyingine. Mimi situmii.

Na wewe unayevuka kurudi Chake au Wete: bodi za AM5 na za Intel zina pini ndani ya soketi. Mwambie muuzaji afungue kile kifuniko cha plastiki palepale kaunta, umulike kwa tochi ya simu, upige picha. Pini moja iliyopinda ukiigundua umeshafika Mkoani, nani atakubali kwamba hukuipinda wewe?